Mcheki Asiyecheka

Tulimwita Mcheki, tukacheka,
kwa kuwa yeye mwenyewe hakucheka.
Vrana, jina la ukoo. Kwao, alisema, ni kunguru.
Basi Rehan akamtupia methali ya bibi yake:
kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Ilibidi tumfasirie mara mbili.
Akaitafuna, akatikisa kichwa:
"Huyo kunguru ni winga. Si beki."

Alikuja Nakuru kufunga mitambo kiwanda cha pareto,
mkataba wa miezi sita,
yeye ambaye katika mechi mia mbili na kumi na moja
alifunga mara moja tu,
na hiyo mara moja alijifunga.
Alituonyesha kipande cha gazeti
kilichokunjwa hadi kikalegea kama kitambaa:
mvua, nyasi, kipa amelala,
na yeye mikono kichwani, kijana mwenye nywele.
"Goli ambalo halikuingia," alituambia,
"gazeti haliliandiki. Andikeni wenyewe."
Tukaandika kwa mkaa, ukuta wa choo cha uwanja:
Shikuku, aliokoa moja mstarini. Nyaboke, tatu.

Goti lake la kushoto lilikuwa na mshono kama zipu.
Lilitabiri mvua kuliko redio.
Babake alichimba makaa ya mawe chini ya mji wao
na timu ilicheza juu ya mashimo hayohayo,
kwa hiyo uwanja ulizama kidogo kila mwaka
upande wa kona ya kaskazini.
Kwetu Kivumbini uwanja hauzami. Unapeperuka.
Upepo ukishuka Menengai
mpira unapotea ndani ya weupe, unaona miguu tu,
na hapo ndipo alipotupigia kelele neno la kwao:
Pozor! Yaani angalia, jihadhari.
Midomo yetu ikalikata mkia: Pozo.

Mkataba uliisha. Kiwanda nacho kikaanza kusuasua.
Akakodi chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, akanunua jiko.
Hakutufundisha chenga hata moja.
Alitufundisha kusimama.
Alileta kamba ya kuanikia nguo, akatufunga viunoni,
mabeki wanne, hatua nane kati ya mtu na mtu;
mmoja akitoka, watatu wanavutwa.
Tulinung'unika. Watoto wa Bondeni walivuka barabara
kuja kutazama mbuzi wa Mzungu.

Januari ile sitaieleza.
Moshi ulitoka upande mmoja, kisha pande zote.
Tulikuwa kumi na tisa uwanjani, na majina yetu
ghafla yalikuwa na uzito ambao jana hayakuwa nao.
Akatoa kamba kwenye begi.
Hatua nane, alisema. Hakuna kukimbia.
Akatutembeza nyumba kwa nyumba,
kila mlango akimfungua mtoto mmoja,
kamba ikizidi kuwa tupu, ikizidi kuburuta,
hadi akabaki nayo peke yake
akichechemea kurudi chumbani kupitia kizuizi.
Vijana wenye mapanga wakamwuliza anatafuta nini na kamba usiku.
"Mbuzi," akawajibu.
Alituhadithia wiki tatu baadaye. Hakucheka.

Wa kumi na tisa hakurudi tena mazoezini.
Wao walihamia Busia, au walisema Busia.

Mamake Mcheki akaugua, akaenda kumwuguza.
Alituma kadi mbili zenye theluji.

Mimi sasa nachomelea mageti karibu na Flamingo.
Ukuta wa choo umepakwa rangi ya kampuni ya simu,
na goli ambazo hazikuingia ziko chini ya rangi.
Juzi bodaboda ilikata kona vibaya
na mtoto, hajafika miaka kumi, akamkemea dadake:
"Pozo!"
Msichana akasimama papo hapo, mguu hewani.
Nikazima mashine, nikainua miwani.
Nikamwuliza hilo neno kalitoa wapi.
Akaniangalia kama mtu asiyekwenda shule.
"Si ni Kiswahili," akasema.